Mguu wa Yustina Kwenye Kituo cha Tatu

Baba yangu aliitwa Mihayo, mwana wa Kapaya, na alizaliwa Kigwa, upande wa kusini wa reli. Mama yangu aliitwa Nyamizi, naye alizaliwa Puge. Mimi ni Magdalena, na nilizaliwa katika nyumba ileile ambayo juma lililopita tulimtoa Yustina kumpeleka makaburini. Hayo yanatosha kuhusu ukoo. Neema, mjukuu wangu, ameniuliza kama asiandike pia habari za babu yangu, ambaye watu husema alibeba mizigo ya misafara mpaka pwani. Nimemwambia hapana. Sikuwapo, na mimi sisemi nisichokiona. Sikusoma shule hata siku moja. Ninasema, Neema anaandika, kisha ananisomea, nami nasikiliza kama ameniwekea maneno yasiyo yangu. Akiyaweka, anayafuta.

Yustina alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Kasimiri. Siku ya mazishi binti yake mkubwa alisimama karibu na jeneza akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba mama yake alizaliwa Puge, kwamba alijifunza ushonaji kwa masista wa Tabora, na kwamba alikuwa hodari wa mpira wa kigongo. Kisha akasoma ile habari ambayo kila mtu wa Kigwa anaijua: kwamba siku ya mchuano mkubwa, Yustina alimwona baba mkwe wake mtarajiwa amesimama pembeni ya uwanja, akauacha mchezo, akapiga magoti kumwamkia, na kwa heshima hiyo akatolewa, na timu yake ikashindwa. Kaka yangu alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Nyuma yangu, kwenye mkeka, mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Na aliyemtoa ndiye huyu hapa. Wifi yake mwenyewe." Mwenzake akanitazama kisogo, akajibu, "Ana mabega ya kutoa watu, kweli." Wakacheka kwa kuzibana pua, kama watu wanavyocheka msibani. Baadaye nililetewa sahani ya wali na maharage, nikala yote, na sikuonja kitu. Sikulia. Mpaka leo ninapoyasema haya niko kama mtu aliyekalia mguu wake ukafa ganzi: anauona, anajua ni wake, lakini akiugusa anagusa mguu wa mtu mwingine.

Mwaka ninaotaka uandikwe ni ule tuliokula ugali wa mahindi ya njano, ambayo watu waliyaita yanga. Mvua zilikuwa zimekosekana, na baba alinipeleka nikawe mpishi katika nyumba ya masista nje kidogo ya mji wa Tabora, ili mdomo mmoja upungue nyumbani. Wasichana waliomaliza darasa la saba walikuja pale kujifunza cherehani na upishi. Mimi sikuja kujifunza. Nilikuja kupika. Bweni lao lilikuwa limejaa, kwa hiyo Yustina, aliyefika akiwa amechelewa kutoka Puge, aliwekwa pamoja nami katika chumba kilichokuwa ghala la maharage. Vilikuwamo vitanda viwili vya chuma, dirisha moja ambalo kioo chake cha chini kilikuwa boksi, na harufu ya maharage ambayo haikutoka hata ukafungua mlango siku nzima. Ukuta wa upande wa kichwa changu ulikuwa ukuta wa chumba cha kulia cha masista. Tulisikia vijiko vyao, tulisikia wakisali kabla ya chakula, na tulisikia waliyoyasema wakidhani maharage hayana masikio.

Ni kupitia ukuta ule nilipojua kwamba nitakuwa mwamuzi. Sista Amata, aliyetoka kwao ng'ambo na mpira mgumu wa kushonwa ndani ya sanduku lake, alikuwa amewafundisha wasichana mchezo wa huko, wenye kigongo na vituo vinne, ambao wao huuita softiboli. Yeye alisimama nyuma ya mpigaji kuamua yaliyopita hapo, lakini hakuwa na mtu wa kuamua vituoni. Nilimsikia akiwaambia wenzake, "Nitamchukua yule wa jikoni." Sista mwingine akauliza, "Anaujua mchezo?" Akajibu, "Haujui. Lakini jana mpira ulipopigwa mpaka bustanini, wote walipiga kelele, hata mimi. Yeye aliendelea kupeta mchele." Yustina, kwenye kitanda chake, alijifunika shuka usoni akacheka mpaka chuma kikalia. "Umesikia, Magdalena? Umepewa cheo kwa sababu huna furaha." Ilikuwa kweli kwamba sikupenda kelele, na sikuona kosa ndani yake.

Nitaeleza kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Mkimbiaji aliyefika kituoni hukaa hapo amekanyaga kifuko cha turubai, ambacho ndicho kituo chenyewe, mpaka mrushaji auachie mpira. Mrushaji huzungusha mkono wake kutoka juu kuja chini, na mpira hutoka mkononi unapopita paja. Kabla ya hapo, mguu wa mkimbiaji ukikiacha kituo, ametoka mapema. Anatolewa, na mpira unahesabiwa umekufa. Wengi hudhani mwamuzi hutazama mpira. Sista Amata alinifundisha nisiutazame kabisa. Alinishika mabega akanisimamisha nje ya mstari, mahali ambapo kituo kilikuwa mbele yangu na mrushaji nyuma ya kituo, wote wawili katika njia moja ya macho, ili nisilazimike kugeuza shingo. "Macho yote kwenye mguu," alisema. "Mkono utauona wenyewe pembeni, kama unavyoona kuku akiingia jikoni huku unakata vitunguu." Alinifundisha pia kwamba mguu unaotaka kukimbia hujitangaza: kisigino huinuka kwanza, kisha vidole huchimba chini kuelekea unakokwenda. Mguu wa mtu anayetaka tu kugeuka au kuinama haufanyi hivyo. Unalala mzima, uzito unarudi kisiginoni. Na jambo la mwisho, ambalo ndilo nililolishika kuliko yote, ni kwamba mwamuzi naye hana ruhusa ya kutangulia. Aone mguu umetoka, aone mkono haujaachia, amalize kuona, ndipo ainue mkono wake. Akiamua kwa kudhani, yeye ndiye aliyetoka mapema.

Yustina alikuwa mtu wa kutangulia. Alikula ugali ungali unatoa moshi, akapuliza vidole. Alimaliza sentensi za watu. Kwenye mazoezi ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote, na ndiye niliyemtoa mara nyingi kuliko wote, na kila mara tuligombana mbele ya wenzake.

"Mwongo," alisema siku moja, mikono kiunoni. "Mpira ulishakuwa hewani."

"Mimi sitazami mpira."

"Unatazama nini basi, mpishi?"

"Unyayo wako. Una ufa kisiginoni, upake mafuta."

Wenzake walikaa chini kwa kucheka. Jioni hiyo, chumbani, alipaka mafuta ya kupikia kisiginoni akiniangalia kwa ukali, kisha akafungua kitambaa akanipa matobolwa aliyoletewa kutoka kwao. Tulitafuna viazi vile vikavu, na tulipomaliza akasema, "Hata kama ulikuwa sahihi, si ungenyamaza siku mojamoja?" Nilimwambia kwamba nikinyamaza siku mojamoja, hakuna atakayejua siku ipi sikunyamaza. Akasema nitazeeka nikiwa peke yangu.

Kaka yangu Kasimiri alikuja mjini na asali ya baba, akapitia jikoni kunisalimu, akamkuta Yustina amekaa juu ya mfuko wa mkaa anaimba. Baada ya hapo asali ya baba ilianza kuja mjini hata wakati mizinga ilikuwa mitupu. Watu wa Puge walipopelekewa habari hawakukataa. Baba alimtuma mshenga, Mzee Nasoro, mwenye duka karibu na soko, ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye alinunua asali yetu miaka yote. Siku moja nilitumwa chumvi dukani kwake, nikawakuta yeye na baba wameketi nyuma ya magunia, hawakuniona. Mzee Nasoro alikuwa anacheka. "Mihayo, anakimbia kwa sababu ndio mchezo wenyewe. Ulitaka acheze amekaa?"

"Sina neno na mbio," baba alisema. "Nataka kujua jambo moja. Akiambiwa subiri, husubiri? Nyumba yangu ina wazee, ina njaa, ina ng'ombe wanaokufa. Mwanamke asiyeweza kusubiri atatuacha katikati."

"Na ukiona hasubiri?"

"Kasimiri atafute kwingine. Nitakuja kumwona kwa macho yangu."

Nilinunua chumvi nikarudi. Sikumwambia Yustina. Kaka yangu alikuwa ameacha kula vizuri kwa ajili yake, na mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuwa na dada, nilikuwa nimeanza kusikiliza pumzi zake upande wa pili wa chumba kama mtu anavyosikiliza mvua. Nilitaka aje nyumbani kwetu. Nisingeweza kulisema hilo kwa mdomo, na hata leo Neema ameliandika kabla sijajua kama nimekusudia aliandike. Liache.

Upande wangu nilikuwa na ahadi moja. Sista Amata alisema mvua zikianza, uwanja ukilowa, atanifundisha kusoma. Alikwisha kunionyesha herufi ya kwanza ya jina langu. Niliichora kwenye unga wa yanga juu ya meza, milima miwili iliyoshikana, kisha niliupepeta unga ule nikasonga ugali, tukala.

Mchuano ulikuwa kati ya wasichana wetu na wasichana wa Urambo, mabinti wa wakulima wa tumbaku, waliofika juu ya lori wakiwa wamesimama na kuimba. Timu itakayoshinda ingepanda gari moshi kwenda Dodoma kucheza na watu wa mikoa mingine, na kwa mabinti wale, ambao wengi hawajawahi kuvuka Manyoni, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko harusi. Nahodha wa Urambo alimpitia Yustina akamwambia, "Dada, mbona wembamba hivi? Masista wanawalisha yanga?" Yustina akamjibu, "Yanga ndiyo inayokimbia. Ninyi mmeshiba, mtalala njiani." Sista Amata aliwatazama wote wawili, wakanyamaza. Mimi nilipewa kofia ya nguo nyeupe na fagio dogo la kufagilia vituo. Kituo kikijaa vumbi mwamuzi hawezi kuuona ukingo wake, kwa hiyo kukifagia ilikuwa kazi yangu, kama kupika.

Baba alitarajiwa jioni. Masista walikuwa wametandika kitambaa sebuleni, na mimi nilikuwa nimeloweka mchele wa wageni. Lakini gari moshi kutoka Kigwa, ambalo kwa desturi lilichelewa, siku hiyo liliwahi, na baba, ambaye hakupenda kukaa stesheni, alitembea akifuata njia ya zamani ya misafara inayopita kando ya ule uwanja. Haya nilielezwa baadaye. Wakati ule sikujua lolote, kwa sababu alitokea nyuma yangu.

Timu zilikuwa sawa. Ilikuwa zamu yetu ya mwisho, wawili wetu walikuwa wamekwisha kutolewa, wa tatu akitolewa zamu inakwisha, na Yustina alikuwa kwenye kituo cha tatu. Kilichobaki mbele yake kilikuwa kituo cha nyumbani tu, pale anaposimama mpigaji. Akifika, tumeshinda. Nilisimama mahali pangu nje ya mstari, mrushaji wa Urambo mbele ya macho yangu, na kati yetu mguu wa kushoto wa Yustina juu ya turubai. Alikuwa amenipa upande wa mgongo, uso wake ukielekea nyumbani, mkono wangu wa kulia. Kila mtu uwanjani alikuwa anatazama mkono wa mrushaji. Mkono ulianza kuzunguka. Niliona kisigino kikiinuka. Niliona vidole vikichimba, mchanga ukiruka nyuma, na mguu ukaondoka, na mkono wa mrushaji ulikuwa bado juu ya bega. Nikamaliza kuona. Nikainua mkono wangu, nikasema, "Ametoka."

Yustina alikuwa amekwenda hatua mbili kuelekea nyumbani. Aliposikia sauti yangu aligeuka, na uso wake ulikuwa umejaa yale maneno aliyonirushia kila siku kwenye mazoezi. Mdomo ulifunguka. Kisha macho yake yalipita juu ya bega langu, yakasimama hapo, na kabla sijaelewa alikuwa amerudi upande wetu, amepita kituo, na amepiga magoti mchangani, kichwa chini, viganja pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," sauti ya baba yangu ilisema nyuma yangu, kisha ikaongeza salamu ya kwetu. "Mwangaluka, mwanangu."

Ndipo watu walipogeuza macho kutoka kwa mrushaji, na walichokiona ndicho walichokisimulia: msichana amepiga magoti mbele ya mzee, na mwamuzi amesimama juu yake na mkono hewani. Wasichana wetu walikuja mbio. "Alikuwa anamwamkia mzee! Hakuwa anakimbia!" Hata wale wa Urambo, ambao kutolewa huko kuliwafaa, walisimama wakiona haya. Sista Amata alikuja polepole, akavua kinga ya waya aliyovaa usoni, akanitazama mimi peke yangu.

"Umeona nini?"

"Mguu ulitoka kabla mkono haujaachia."

"Kwa nini ulitoka?"

Yustina aliinua kichwa kidogo. Baba yangu alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya moshi wa mizinga kwenye koti lake. Ningesema kweli yote, baba angejua kwamba msichana huyu, akiambiwa subiri, hasubiri. Ningesema sikuona vizuri, ningekuwa nimesema uongo kuhusu mguu.

"Sikuwekwa kutazama kwa nini," nilisema. "Niliwekwa kutazama mguu."

Sista Amata aliikung'uta vumbi ile kinga yake. Sijui kama naye aliona. Alikuwa nyuma ya mpigaji, na macho yake yalipaswa kuwa kwa mrushaji. Kisha akasema, "Ametoka," na zamu yetu ikaisha. Watu walipokuwa wakirudi mahali pao wakinung'unika, nilitazama chini. Kando ya kituo, upande wa kwenda nyumbani, ilikuwapo alama ya vidole vitano vilivyochimba mchanga, vyote vikielekea kule. Mtu yeyote ambaye angeinama angeisoma, hata mimi nisiyejua kusoma. Kituo kilikuwa kimejaa vumbi. Nilikuwa na fagio. Nilifagia.

Katika zamu ya nyongeza Urambo walimfikisha mtu mmoja nyumbani, sisi hatukumfikisha hata mmoja. Wakapanda lori lao wakiimba Dodoma, Dodoma, mpaka vumbi likawafunika.

Jioni niliandaa wali, mchuzi wa kuku na nsansa ya karanga, kwa sababu baba alisema chakula bila majani makavu si chakula. Niliingia na kutoka sebuleni nikibeba sahani, na mazungumzo hayakukatika kwa ajili yangu. Mzee Nasoro alikuwa amefika, na alikuwa anafurahi. "Nilikwambia nini? Kaacha ushindi, kaacha Dodoma, kaja magotini. Mihayo, mimi nina mabinti wanne, hakuna hata mmoja angeniachia soda." Baba hakucheka, lakini nilijua uso wake, na uso wake ulikuwa umekubali. Alisema mahari ipelekwe Puge baada ya mavuno, kama yatakuwapo mavuno. Kisha, nilipokuwa namimina maji ya kunawa mikononi mwake, alisema kwa Mzee Nasoro, si kwangu, "Wa nyumba ya watu amepiga goti. Wa nyumba yangu alinipa mgongo, akanyoosha mkono." Maji yalikuwa ya vuguvugu. Niliendelea kumimina mpaka akaondoa mikono.

Alikuwa na haki, kwa alichokijua. Sikumwamkia pale uwanjani. Nilikuwa nimemwamkia baadaye, wakati shikamoo ilikwisha kupoa. Kabla mvua hazijaanza alikuja kunichukua. Aliwaambia masista kwamba binti akikaa mahali anapozoea kutowatazama wazee, atakuwa si wa mtu. Sista Amata alimsihi, akasema nilikuwa nianze masomo. Baba akauliza, "Ya kutoa watu?" Nilifunga nguo zangu katika kanga. Yustina alikaa kitandani akinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kutangulia kusema. Sista alinipa kile kifuko cha turubai cha kituo cha tatu. Alisema uwanja utapata kingine. Ndiyo sababu, Neema, kalamu iko mkononi mwako, si mwangu.

Yustina aliolewa akaja Kigwa, akawa wifi yangu. Mimi nilikuja kuolewa kijiji cha jirani, nikafiwa, nikarudi. Tulilima pamoja, tulizaa karibu karibu, tulizika pamoja. Ile habari ilikuwa ikisimuliwa kila penye sherehe. Kasimiri aliisimulia kwa wakwe, kwa mapadri, kwa wauza mbolea. Kila alipofika mahali pa "na dada yangu huyu hapa, bila huruma", watu walinigeukia wakacheka, nami nilijibu jibu moja, kwamba mguu ulitoka. Nikaonekana mgumu zaidi, na hadithi ikawa tamu zaidi. Baba alipougua, ni Yustina aliyemlisha na kumgeuza kitandani miezi yote, na hakuondoka, hakuchoka. Baba alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu nilimwona kwa macho yangu." Kwa hiyo jibu la swali lake alilipata, japo hakulipata siku aliyodhani. Mimi na Yustina hatukuwahi kuizungumza siku ile tukiwa wawili. Habari ilipoanza kusimuliwa yeye aliinuka kwenda kutazama chungu jikoni. Hilo nililiona kila mara, kwa kuwa nilizoea kutazama miguu.

Juma moja kabla hajafa nilikuwa naye wodini Tabora, mchana. Nilikuwa nampa uji, naye alikuwa anaukubali polepole, yeye aliyekuwa akila ugali wa moto.

"Wifi," alisema, "siku ile ulikuwa unatazama nini?"

"Mguu."

"Sehemu gani ya mguu?"

"Vidole."

Alifumba macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza redio, na tulisubiri tangazo liishe.

"Nami nilidhani umeona kisigino tu," alisema. "Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nakuogopa. Kila ukifungua mdomo nilisema moyoni, leo anasema."

"Nilijua."

"Na ukafagia."

"Ilikuwa kazi yangu."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti, uji ukamtoka pembeni, nikampangusa. Kisha akasema, "Usimwambie kaka yako. Ile hadithi anaipenda kuliko anavyonipenda mimi." Nilimwambia anyamaze, amalize uji. Hakuumaliza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana. Baada ya hapo alizungumza na watu wasiokuwapo.

Sasa, Neema, sikiliza mambo ya kutunza, na uyaandike kama ninavyoyasema.

Kifuko cha turubai kiko ndani ya sanduku langu la bati, chini ya nguo za kanisani. Usikifue. Mshono wa ukingoni ni wa mkono wa Yustina. Alikishona upya wakati ule kilipopasuka, na kama kawaida yake aliruka hatua, utaona mahali uzi unapokwenda haraka. Tunza namna ya kutazama niliyokueleza: mahali pa kusimama, macho mguuni, na kutoinua mkono kabla ya kumaliza kuona. Utaihitaji hata kama hutauona mpira wa kigongo maisha yako yote.

Haya maandishi yakae kwako. Babu yako Kasimiri angali hai. Siku atakapokuwa amezikwa naye, si kabla, yasome kwa sauti nyumbani kule Kigwa, watoto wa Yustina wakiwapo. Wasikie kwamba mama yao alitoka mapema. Wasikie pia kwamba nilimpenda. Hilo la pili liandike kwa herufi za ukubwa uleule, usilikuze.

Na Jumapili, babu yako atakapokuja baada ya ibada, ataisimulia tena, kwa sababu sasa hana kingine cha kusimulia. Mwamkie kwa magoti. Mpe kiti chenye mgongo na chai isiyo na sukari nyingi. Msikilize mpaka mwisho, ucheke mahali pa kucheka, na akifika pale mkono wangu ulipoinuka, usinitazame.